Nguo ya Kompyuta

Nyumba ya mama yangu, pale Kasulu, haikuwa na kitu kilichokaa uchi. Makochi yalivaa vitambaa mgongoni na mikononi. Redio ilikuwa na chake, chenye tundu mahali pa kitufe cha kutafutia stesheni. Televisheni ilifunikwa hadi usoni kila ilipozimwa. Chupa ya chai, mtungi wa maji ya kunywa, sinia la vikombe, hata kichupa cha dawa yake ya presha, vyote vilikuwa na nguo zao, na zote alizifuma mwenyewe kwa sindano moja ya chuma iliyolika kichwa upande mmoja. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza alisifu. Sisi watoto tulicheka. Kaka yangu aliwahi kusema kwamba mtu akisimama sebuleni muda mrefu bila kutikisika, naye atafumiwa chake.

Naeleza hayo mapema kwa sababu nisipoyaeleza nitaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa, na ujinga niliokuwa nao unatosha.

Kwa miaka minane nilikuwa mkalimani kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo. Sisi Waha tunazaliwa na nusu ya Kirundi mdomoni, nusu iliyobaki niliijifunza kazini. Watu walikaa mbele ya meza wakaeleza yaliyowatoa kwao, mimi nikayageuza Kiswahili, mwenzangu akayageuza Kiingereza, yakaingia kwenye faili. Nilikuwa mzuri wa kazi hiyo. Silisemi hilo kwa majivuno, nalisema kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo nimewahi kuwa mzuri nalo. Kisha mradi ukafungwa. Tukalishwa pilau ya kuagana, tukapewa barua za shukrani, na sisi wa zamani tukagawiwa kompyuta za ofisi ambazo wenye mradi waliona aibu kuzirudisha makao makuu. Yangu ilikuwa ile ile niliyoitumia miaka yote minane, laptop nyeusi, nene na nzito, herufi A imefutika kabisa, kifuniko kimekwaruzwa namba ya mali kwa msumari. Lakini ilikuwa inawaka, kamera yake ilikuwa inaona, na nikiwasha hotispoti ya simu ilikuwa inashika mtandao bila kubembelezwa.

Nilibaki Kibondo kwa sababu ya kiburi tu. Kasulu kulikuwa na nyumba, kulikuwa na mama peke yake, maana kaka alikuwa amehamia Titye na mkewe kulima. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua mama, na dawa za presha alizinywa siku alizokumbuka. Kila mtu alijua mahali pangu ni wapi. Ila kurudi nyumbani kwa mama ukiwa na miaka thelathini na tisa, huna mume, huna mtoto, huna kazi, una begi la nguo na kompyuta iliyofutika herufi, hilo sikuliweza. Nikapanga chumba, nikawa naandikia watu barua za maombi na kuwachapia wanafunzi kazi zao, nikamwambia mama kwamba mambo yanakaa sawa.

Basi siku moja mwenzangu wa zamani akanitumia ujumbe. Kuna kampuni ya mbali inatafuta wakalimani wa Kirundi na Kiswahili, kazi ni ya kufanyia nyumbani kwa kompyuta, anayejua na Kiha ni bora zaidi. Nikajaza fomu kwenye simu. Nikajibu maswali ya kwanza, nikapita. Ikabaki hatua moja: mtihani wa ana kwa ana kwenye kamera, Ijumaa saa nne asubuhi, wiki mbili mbele. Watanisikilizisha sauti za watu, nitageuza hapo hapo, msimamizi ananiangalia. Programu yenyewe ilikataa kufunguka kwenye simu. Ilitaka kompyuta yenye kamera na mtandao usiokatika. Nikipita ningefanya kazi kutoka popote, na popote kwangu kulikuwa mahali pamoja tu. Ningerudi Kasulu na kazi yangu mkononi, nikakaa na mama bila kuinamisha macho mbele ya mtu.

Habari kama hiyo haisemwi kwenye simu. Nikapanda basi, kompyuta mapajani, nikaenda kumwambia.

Mama hakupiga vigelegele, si mtu wa hivyo. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama hiyo kazi ina bosi ambaye atataka nihame tena. La pili, kama kompyuta itahitaji meza. Nilipomjibu alisimama, akahamisha chombo cha maua ya plastiki kutoka kwenye meza ya dirishani, akaifuta, akasema meza ndiyo hii. Halafu akachukua uzi, akaipima kompyuta urefu, upana na unene, akafunga mafundo mahali pa vipimo. Nikajua kinachofuata. Nikamwambia, mama, hii ina mkoba wake. Akasema mkoba ni wa njiani, ndani ya mkoba mtu anavaa nguo.

Aliifuma siku tatu. Nyeupe, mzingo wa bluu, mdomo upande mmoja na kifungo cha kufungia. Alibana nyuzi ili vumbi lisipite, na mzingo wa mdomoni akaufanya mgumu kwa kuurudia mara mbili usije ukalegea. Kompyuta iliingia kwa kusukumwa, kama mguu kwenye soksi mpya. Alipomaliza aliitazama kwa muda, akasema sasa inafanana na kitu cha mwenyewe. Nilicheka, nikamshukuru, nikaondoka nayo hivyo hivyo imevaa.

Nilipoifungua Kibondo, mtandao haukuwepo.

Chini pembeni, palipokuwa na alama ya waifai, palikuwa na msalaba mwekundu. Nikawasha hotispoti ya simu. Simu ikasema iko tayari, kompyuta ikasema haioni kitu. Nikazima, nikawasha. Nikasogeza simu karibu, nikaiweka juu ya kompyuta yenyewe, nikatoka nayo uani, nikarudi. Upande wa mbele, chini ya mahali pa kuegeshea viganja, kulikuwa na kitaa kidogo cha rangi ya chungwa. Nilikiona, nikadhani ni cha chaji. Wakati huo lami ilikuwa bado haijafika njia yote, kuna vipande basi lilikuwa linaruka kuliko kutembea, nikaamua kwamba mtikisiko umekata kitu ndani. Nililaani barabara kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikaipeleka kwa fundi. Alikuwa anakaa kibarazani mwa duka la mfanyabiashara mmoja wa vitenge, na mwenye duka alimsifu kwamba amemfufulia simu tatu. Nikaivua kompyuta nguo yake, fundi akaikagua, akaniambia hapa dawa ni kupiga windows upya. Akapiga. Ikachukua kutwa. Ilipowaka ikawa safi, haina hata picha zangu za kambini, na msalaba mwekundu uko pale pale. Akasema sasa tatizo ni draiva, hazipo, inabidi zishushwe kwenye mtandao. Mtandao ambao ndio hatuna. Akazishusha kwa simu yake, akaziingiza kwa flashi, msalaba haukutoka.

Jioni mama akapiga kuuliza kompyuta inaendeleaje, kama anayeuliza mgonjwa. Nikamwambia fundi anasema draiva hazipo. Mama akauliza kumbe huwa ina dereva, na kama ametoroka basi aliondoka na gari gani. Alikuwa ananitania, nadhani. Sikucheka. Nilimwambia nina kazi, nikakata simu.

Yule fundi wa Kibondo alikuwa mkweli, namkumbukia hilo. Baada ya siku mbili alinirudishia kompyuta akakataa hela. Alisema, "Dada, mimi simu naziweza. Hizi za zamani zina siri zake, sitaki nikuharibie." Akanionyesha njia ya kujishikiza: kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa chaji, mtandao upite humo. Ilikubali, lakini mlango wa chaji wa simu yangu ulikuwa umelegea, kila nilipogusa meza ulikata. Akanielekeza kwa fundi mkubwa Kasulu, mwenye duka la vioo, anayetengeneza kompyuta za maofisi. Nikaenda siku mbili kabla ya mtihani. Nikamwambia mama nitafanyia mtihani kwake, kwenye meza yake, akafurahi mno hata hakuuliza kwa nini nimekuja mapema.

Kesho yake asubuhi nikamfuata fundi huyo. Duka lake lilikuwa na kiti cha kuzunguka na cheti ukutani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, miwani yenye kamba. Nikamweleza yote: barabara, windows, draiva, mtihani kesho saa nne. Akainua kompyuta, akaigeuza, akasema mashine ngumu hizi, njoo alasiri. Akaingia nayo nyuma ya pazia.

Alasiri nilimkuta ameiweka juu ya kaunta, imefunguliwa, mtandao umejaa. Kitaa cha mbele kimekuwa cha bluu. Akaniambia, "Kadi ya waifai ilikuwa imekufa. Nimekuwekea nyingine." Nilimshukuru mpaka nikajisikia vibaya. Nilimlipa alichotaja bila kupunguza hata kidogo, mimi ninayepunguza bei ya nyanya. Nikamwambia hajui alichonifanyia. Akasema ni kazi yake.

Nyumbani nikaifungua mezani, nikajaribu programu ya mtihani, ikafunguka, nikajiona sura yangu kwenye kioo. Nikamwita mama ajione naye. Akajishika kilemba, akajiangalia, akasema amezeeka. Tukampigia kaka kwa picha, akatuonyesha shamba lake la maharage na mtoto wake mgongoni. Kila kitu kilikwenda bila kukatika. Giza lilipoanza kuingia nikafunika kifuniko, nikaenda jikoni kugeuza ugali. Niliporudi nilikuta mama ameshaivalisha nguo yake, amefunga kifungo, ameilaza katikati ya meza.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka mapema, lakini nikakuta mama ameshatoka. Alikuwa ameenda kwa jirani kumwomba asitwange muhogo mpaka saa sita. Amefungia kuku. Amezima redio yake, ambayo asubuhi haizimwi hata pakiwa na msiba. Nilipokuwa navaa blauzi niliyoinyoosha kwa mtihani, nilimwona kupitia dirishani anaweka kigoda nje ya mlango, anakaa, mgongo kwenye ukuta, mikono mapajani. Alikuwa analinda ukimya wangu.

Saa tatu na nusu nikaivua kompyuta nguo, nikaifungua. Msalaba mwekundu.

Sitaki kueleza sana nusu saa ile. Nilizima na kuwasha. Nilimlaani fundi na kadi yake ya kuokota. Kitaa kilikuwa kimerudi rangi ya chungwa na nilikitazama hivi kwa macho yangu, nikadhani ndiyo dalili kwamba kadi mpya imekufa kama ya kwanza. Kumpelekea hakukuwa na muda. Zilipobaki dakika tano nikachomeka waya wa chaji, nikaishika simu kwa mkono wa kushoto nikiuinamisha ule waya upande unaokubali, na kwa mkono wa kulia nikafungua programu.

Msimamizi alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi, amekaa mbele ya ukuta mweupe. Akanisalimia, nikamsalimia. Akaniambia tutaanza na sauti ya kwanza. Ilikuwa sauti ya mzee, Kirundi cha kule kule ninakokijua, anaanza kueleza kuhusu ng'ombe wake, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ikakata. Nikauinamisha waya, nikarudi. Akasema hamna shida, tuanze tena. Mzee akaanza tena na ng'ombe wake, nikageuza sentensi mbili, nzuri, nazikumbuka mpaka leo, ikakata. Mara ya tatu nilimwona msimamizi midomo inachezacheza bila sauti. Mara ya nne uso wake uliganda, kisha sauti ikaja peke yake, ya upole kabisa: "Nadhani tuishie hapa. Tutakuandikia."

Nilikaa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kwa kushika waya. Nje nilimsikia jirani anapita getini, na mama akamwambia kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaoongea kanisani, asipite karibu, binti yake yuko kazini.

Nilipotoka aliinuka, akaniangalia usoni. Nikamwambia naenda kwa fundi.

Njiani nilipanga maneno. Nina maneno, mimi. Nimeishi kwa maneno. Nilipanga kumwuliza mbele ya watu kama kadi alizonunua kwa bei ya jumla ni za kufa kila baada ya siku. Dukani nikakuta wateja watatu, mmoja ni mwalimu aliyewahi kunifundisha. Nikaiweka kompyuta kwenye kaunta, nikasema imekufa tena. Fundi alikuwa anamwandikia mtu risiti. Bila kuacha kuandika akaivuta kwa mkono mwingine, kidole gumba kikapita ukingo wa mbele, pakasikika tiki, na kitaa kikawa cha bluu. Alifanya kwa mazoea tu, kama mtu anavyowasha taa ya chumbani kwake. Kisha kalamu ikasimama. Tukaangaliana.

Nikainama nikaangalia. Pembeni mwa kile kitaa kulikuwa na kipande cheusi cha plastiki, kidogo kuliko ukucha wangu, kinachoteleza kushoto na kulia. Miaka minane nimeegesha viganja vyangu juu yake.

"Hicho ni nini?" nikamwuliza.

"Swichi ya waifai. Hizi za zamani zinayo. Itakuwa umeigusa."

"Na kadi uliyobadilisha?"

Akavua miwani, akashusha sauti. "Dada, uliileta haifanyi kazi, ukaondoka nayo inafanya kazi. Wewe ulitaka nini?"

Wale wateja watatu walikuwa wanatusikiliza, mwalimu wangu akitabasamu kwa kutoelewa. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwepo. Naapa yalikuwepo. Nikamwambia asante, nikachukua kompyuta yangu, nikatoka. Nimelelewa kutoka dukani kwa asante, na hata siku ya kuibiwa mazoea hayo hayakuniacha. Angenionyesha ile swichi siku ya kwanza, akataka hela ile ile, ningempa. Alichoniuzia kwa hela ile ni kutokujua.

Ila kilichoizima ni nini? Hilo nililitafuna njia nzima. Sikuwa nimeigusa. Imelala mezani, imefungwa, imevaa.

Nilifika nyumbani mbio mbio. Mama alikuwa bado kwenye kigoda, kuku bado wamefungiwa. Nikapita, nikaiweka kompyuta mezani, taa ya bluu, nikaivalisha ile nguo taratibu, jicho ukingoni. Mzingo wa bluu, ule mgumu, uliorudiwa mara mbili usije ukalegea, ulipita juu ya kile kiplastiki ukakivuta. Tiki. Rangi ya chungwa. Nikaivua, nikateleza swichi, bluu. Nikaivalisha. Tiki. Mara ya tatu nilipoinua kichwa mama alikuwa amesimama mlangoni.

Hapo nilikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa kweli. Ningeweza kusema fundi amenidanganya. Ningeweza kusema Kibondo nilikuwa naivalisha mimi mwenyewe, kila siku, kwa mikono yangu, nikiipeleka kwa fundi na kuirudisha. Ningeweza kusema mtu aliyetumia mashine kwa miaka minane asijue swichi yake, huyo wa kulaumiwa anajulikana. Hasira yote niliyoshindwa kumpa fundi kule dukani nilikuwa nimeibeba mpaka pale, na aliyesimama mbele yangu alikuwa mama.

"Tazama, mama," nikasema. "Hii nguo yako ndiyo imeninyima kazi."

Akasogea. Akavaa miwani yake. Akaniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha, haraka haraka, kwa ukali, kama unavyomwonyesha mtoto alipovunja. Akaniambia aifanye yeye. Akaichukua nguo, akaivalisha kompyuta polepole, na mama yangu, ambaye simu ikilia mfukoni mwake haisikii, aliisikia ile tiki. Akaivua. Akairudia. Akaisikia tena.

"Siku zote ilikuwa hivi?" akauliza.

"Siku zote."

"Ego," akasema. Ndiyo. Akainua sindano yake kutoka kwenye kikapu, akatafuta mahali alipofungia uzi, akakata fundo, akaanza kufumua. Alifumua pale pale, amesimama, uzi ukianguka miguuni umejikunja kunja. Siku tatu za kazi ziliisha kabla jirani hajarudi kwenye kinu chake. Sikumzuia. Nataka niliandike hilo kama lilivyo: nilisimama nikamwangalia, na sehemu fulani ya moyo wangu iliona ni haki.

Niliwaandikia wale wa kampuni, nikaeleza tatizo limepatikana, nikaomba siku nyingine. Walijibu kwa adabu sana. Walisema wanaelewa, wanasikitika, ila mtandao wa uhakika ni sehemu ya kazi yenyewe na nafasi zimejaa. Nikarudi Kibondo. Siku hiyo mama alinisindikiza mpaka getini tu, akasema miguu, ingawa siku zote na miguu hiyo hiyo alifika stendi.

Kompyuta haijawahi kusumbua tena. Ndiyo hii ninayoandikia, inashika mtandao kabla sijakaa vizuri. Ina vumbi. Nikiwachapia watu kazi zao kidole gumba huenda chenyewe kwenye ile swichi, kinaigusa, kinajua ipo.

Ilipita miezi nisiende Kasulu. Tulikuwa tunaongea kwa simu, mvua, maharage, presha. Nilipoenda hatimaye, nilifika mchana, nikabisha, mama akanifungulia, tukasalimiana mwakeye, salamu yetu ya Kiha, kama kawaida, nikaingia sebuleni nikadhani nimekosea nyumba. Makochi yalikuwa uchi. La kwangu, nililokalia tangu niko sekondari, lilikuwa limechanika mkononi mpaka sponji inaonekana, na sikuwahi kujua kwamba limechanika. Redio ilikuwa rafuni, kioo chake kina ufa. Televisheni, mtungi, sinia, vyote vilikuwa vimekaa tu, vinatazama. Meza ya dirishani alikuwa amerudishia kile chombo cha maua ya plastiki.

Nikamwuliza vitambaa viko wapi. Akasema vyote viko sandukuni. Nikamwuliza kwa nini. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, mikono mapajani, na mikono hiyo haikuwa na uzi wala sindano. Nilikuwa sijawahi kuiona hivyo mchana.

"Sijui vile vingine vilikuwa vinazima nini," akasema.

Ndipo nikamwambia. Nikamwambia habari ya fundi na kadi ambayo haikuwepo, nikamwambia Kibondo nilikuwa naivalisha mimi, nikamwambia swichi ilikuwa yangu kuijua na siyo yake. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa naeleza ya watu wengine pale kambini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni sawa mwanangu, yamepita, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kuleta chai. Chupa aliileta bila nguo.